Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Mwanahawa mwanangu,

Barua za huku kwetu huanza kwa kusema sisi hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Wewe bado hujawa mbali. Umo humu humu ndani, nakusikia unavyofunga zipu ya sanduku na kuifungua tena, na mimi si mzima hata kidogo. Siku tatu sasa unaniamkia na mimi naitikia kwa kichwa. Kesho alfajiri unapanda basi la kwanza la kutoka Kibiti kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko ndege ya Uturuki, miaka minne. Sijakupa radhi. Unalijua hilo, nami nalijua, na baba yako analijua, ndiyo maana leo mchana alinifuata jikoni.

"Mama Hawa," akasema, "mtoto anaondoka."

"Na aondoke. Nimemfunga kamba?"

"Si kusema hivyo."

"Niseme vipi? Hukuwepo alivyoniumbua mbele za watu?"

"Nilikuwepo. Nikajisemea moyoni, mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nilimtupia mwiko. Ukamkosa, akauokota, akauosha, akanirudishia. Unamjua baba yako.

Mambo ya koti la baridi, ya kula, ya kuswali, ya nani wa kushirikiana naye na nani wa kumkwepa, sitayaandika. Shangazi yako ameyasema yote na mengine kayasema mara tatu. Mimi nataka kukueleza habari yangu na babu yako Maalim, baba yangu mzazi, ambayo wewe uliambiwa ni ugomvi wa dini. Haikuwa dini. Lakini kwanza niseme yaliyotokea Ijumaa, kwa sababu najua kwako ulikuwa mzaha tu.

Watu walikuja kukuombea dua. Ubwabwa umeliwa, wazee wamekaa mkekani, mwalimu mkuu mstaafu akasema, "Mama Hawa, tusomee basi hiyo barua ya chuo, na sisi tujue mtoto anakwenda kwa nani." Nikaisoma. Kiingereza changu unakijua, nimekitoa vitabuni, sikukaa darasa la sekondari hata siku moja. Nikawa nasoma kifungu na kukifasiri, watu wanatikisa vichwa, na mimi nazidi kunenepa. Nilipofika penye habari za likizo nikawaambia chuo kitakuruhusu kuja nyumbani kila mwaka. Ukacheka. "Haimo hiyo, Mama." Nikasema imo. Ukaja ukaichukua karatasi mkononi mwangu, ukawageukia wageni: "Jamani msimsikilize Mama, anabahatisha tu. Hapa wanasema chuo kinafungwa kiangazi, basi. Hakuna aliyesema nitarudi. Nitakaa miaka minne mfululizo." Watu wakaangua kicheko. Mama Shabani akapiga kigelegele kabisa, akaniita kwa lile jina la makala zangu za gazetini: "Leo Mama Makala kapata kiboko yake!"

Ulikuwa sahihi. Nimeisoma tena barua ile, nimeisoma mara nne. Haimo. Nilisoma nilichokitaka.

Lakini neno lililonichoma ni lile la kubahatisha, kwa sababu kubahatisha ndiyo elimu yangu yote, na ndiyo niliyokurithisha. Hukukifahamu Kituruki kwa mwalimu. Ulikaa na simu pale chini ya dirisha miaka mitatu, unasoma hadithi za watoto, kisha magazeti yao, kisha mabishano ya watu wasiokujua juu ya mpira, ukiniuliza, "Mama, nikifika neno nisilolijua nifanyeje?" na mimi nikikujibu, "Lipite. Litarudi." Niliyajua hayo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe.

Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutoka. Nikapelekwa Ngorongo kwa mama yake Maalim, kuamia ndege kwenye mpunga bondeni. Wewe hukuwahi kuamia, nyinyi mmekulia mchele wa dukani. Unakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, tangu kunakucha hadi jua linazama. Mkononi una kamba zilizofungwa makopo shambani kote. Ukiona ndege wanashuka kama wingu, unavuta kamba na kupiga ukelele mpaka koo likauke. Mtu mmoja aliyekuja kupima maji ya mto alimwachia Bibi kitabu cha Kiingereza, akasema atakipitia. Hakukipitia. Hakikuwa na jalada, mpaka leo sijui kinaitwaje wala aliyekiandika ni nani.

Msimu wa kwanza nilitoka na majina ya watu basi. Msimu wa pili nikajua nani kamkasirikia nani. Msimu wa tatu nikajua kwa nini. Kamusi sikuwa nayo, na nashukuru. Neno nisilolijua nililiacha lipite kama mgeni apitaye njiani. Likipita tena na tena, ukaangalia linaongozana na nani, linaingia nyumba gani, linasemwa na mwenye hasira au na mwenye njaa, siku moja unastukia unajua kwao. Hakuna aliyekwambia. Na neno ulilolijua namna hiyo halikutoki, kwa sababu hukupewa, umelivizia mwenyewe. Wanaosema lugha haijulikani bila ada na darasa wana darasa la kuuza. Nimeandika hivyo gazetini na nimetukanwa, na sikufuta hata nukta.

Siku moja nilizama kitabuni, nilipoinua macho ndege wamekwisha maliza majaruba mawili ya mpunga. Bibi alikuja, akatazama mabua, akanitazama mimi. Hakunipiga. Alisema, "Haya. Jioni utakula karatasi, mimi sipiki." Na kweli hakupika.

Bibi alikuwa akisema nami Kindengereko kutwa nzima. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili, macho yakiwa kwenye Kiingereza. Hapo ndipo ningeanza kujihukumu kama ningekuwa na akili. Mwalimu alikuwa ananisemesha bure, saa kumi na mbili kwa siku, juu ya kila kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nahangaika kujua theluji inaitwaje. Leo theluji naijua. Lugha ya Bibi nimebaki na salamu na matusi. Wewe hata matusi huna. Kila ninapowashambulia walimu wanaomvika mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili shuleni, huwa najua kuwa mimi nilijivika changu mwenyewe, na hilo sijaliandika gazetini.

Sasa babu yako.

Watu wa Mahege, kijijini kwetu, walimwita Maalim, na kila baada ya alasiri alisomesha darsa barazani kwake. Kitabu kilikuwa kimoja, cha fikihi, sheria za dini, cha karatasi za njano, alichopewa na mwalimu wake. Anasoma maneno ya Kiarabu, anayafasiri, anatoa mfano wa pale pale kijijini, watu wanacheka, wanauliza, wanaondoka. Kitabu kikiisha, anaanza upya. Kufikia kuolewa kwangu nilikuwa nimekisikia kikianza na kuisha sijui mara ngapi. Kiswahili chake nilikijua kwa moyo, kama mtoto anavyojua hadithi ya bibi yake na kumgombeza akiruka mahali.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mimi na baba yako tulikuwa tunakaa Mahege wakati huo, wewe ulikuwa hujazaliwa. Nikawa naenda kila alasiri kumfunulia kurasa. Nakaa ubavuni pake, namnong'oneza mwanzo wa mstari, yeye anaumalizia na kuufasiri. Kidole changu kwenye herufi, sauti yake sikioni. Ndani ya miaka miwili Kiarabu kikanifungukia. Nilikuwa nayachukua maneno yake niliyoyajua na kuyavika herufi nisizozijua, moja moja, mpaka zikakubali. Nikajiona nimejifundisha. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, "Nimejifundisha mwenyewe." Mtu amekaa karibu yangu kila alasiri ananifasiria kitabu kizima, na mimi nasema nimejifundisha mwenyewe.

Katikati ya kitabu mchwa walikuwa wamekula kurasa nane. Lilibaki shimo, na vumbi la karatasi. Mara ya kwanza nilipofika pale nilinyamaza, nikasubiri nione ataruka wapi. Hakuruka. Alisema, "Na mwenye kitabu anaendelea kusema," akaendelea kwa Kiswahili tu, alasiri tatu nzima, juu ya haki za majirani, ukuta, maji ya mvua, matawi yanayovuka mpaka. Alipomaliza akaniambia, "Haya, mstari unaofuata." Nikamnong'oneza mstari uliokuwa ng'ambo ya shimo, na maneno yake yakaungana nao kama yalivyopaswa.

Nikahitimisha kwamba Baba anatunga.

Angalia ujinga wa msomi. Kila nilichohitaji kilikuwa mbele yangu. Mtu anayetunga hawezi kutembea gizani alasiri tatu na kutua sawasawa kwenye mstari wa upande wa pili. Ningekuwa nasoma hadithi ya watu wa mbali, ningelitambua hilo mara moja. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimezisoma lugha mbili bila ruhusa ya mtu, na nilitaka awe anatunga. Nilikuwa nakitafuta kitu cha kumshinda nacho. Ukitaka jambo sana, mwanangu, kila unachokisoma hukuletea jambo hilo hilo. Ijumaa nilitaka uje nyumbani kila mwaka.

Palitokea shauri la mkorosho. Mkorosho wa Bwana Ngwele ulikuwa umelala juu ya paa la jirani yake, mjane, unaangusha makuti yake na kuvujisha nyumba. Wakaja kwa Maalim. Alisikiliza, akasema matawi yale yakatwe, akaeleza mwenye kitabu alivyolisema jambo hilo. Ngwele alikuwa mtu mbishi. Akasema, "Maalim, mimi sikatai kitabu. Nionyeshe tu hapo palipoandikwa."

Baraza limejaa. Baba akanigeukia, macho meupe, akasema, "Mwanangu, wafunulie."

Ningeweza kusema, "Baba, karatasi hizo zililiwa." Watu wangesikitika, wangesema mchwa hana adabu, na neno la Maalim lingebaki neno la Maalim. Ningeweza hata kumnong'oneza, kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku. Badala yake nilikiinua kitabu juu ili kila mtu alione lile shimo, nikasema kwa sauti, "Hapa hapana kitu, Baba. Hayo unayosema hayamo. Unayatunga, na mimi nimekaa hapa miaka miwili nikikusikiliza unavyoyatunga."

"Kumbe!" akasema mtu nyuma.

"Kumbe Maalim anatupikia!"

"Na sisi tunakula tu," akasema Ngwele, "hatuulizi hata chumvi."

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Babu yako aliacha kicheko kiishe, kisha akasema, "Funga kitabu." Hakusema jingine. Hakunilaani, Mwanahawa. Angenilaani ningejua pa kwenda kuombea.

Jioni ile vijana waliniita Maalim mwanamke njia nzima mpaka nyumbani kwangu. Sitakudanganya, nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata tena. Kesho yake alitandika mikeka kama kawaida, wakaja watu wawili. Siku ya tatu hakuja mtu. Siku ya nne hakutandika. Ngwele hakukata tawi, masika yalipofika mjane alihamia kwa kaka yake, na nyumba ikaanguka. Watoto wa Mahege waliokuwa wakisoma kwake wakapelekwa kwa mtu mwingine, mtu wa fimbo, asiyefasiri neno. Mimi na baba yako tukahamia huku Kibiti mjini, ukazaliwa, nikaanza kuandika magazetini. Nilikuwa mkali na nilikuwa sahihi mara nyingi. Waliokuwa wakinisoma walikuwa wakisema huyu mama haogopi mtu. Ni kweli, niliyepaswa kumwogopa nilikwisha mmaliza.

Kila Idi tulikwenda kumsalimia, unakumbuka. Alikuwa akikuita, anakupapasa uso, anakupa tende. Mimi alinipokea kwa adabu, akaniuliza habari ya safari, kana kwamba kutoka Kibiti mpaka Mahege ni safari. Kitabu hakukitaja wala mimi sikukitaja.

Sasa hili ndilo usilolijua. Ulipokuwa na miaka kumi na minne nilikuomba unitafutie kitabu fulani cha Kiarabu kwenye simu yako. Ulilalamika kwamba bando linaisha, kisha ukakipata, kizima, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nilikitafuta kwa ajili ya makala. Nilitaka kuandika juu ya masheikh wanaotunga, na mfano wangu ulikuwa tayari. Nikaenda moja kwa moja kwenye zile kurasa nane.

Yote yalikuwamo. Ukuta, maji ya mvua, tawi la mti juu ya nyumba ya jirani, kwa mpangilio ule ule, mpaka mifano miwili niliyodhani ni ya Mahege kumbe ni ya mwenye kitabu, Baba kabadilisha mti tu akaweka mkorosho. Mwalimu wake alimsomesha kabla mchwa hawajafika, naye akayashika. Kwa miaka yote ile kurasa zile hazikuwa mahali popote Mahege isipokuwa kifuani mwake. Nilikuwa nimemwita mwongo mtu pekee aliyekuwa na kitabu kizima.

Uliniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikakuambia mwanga wa simu unaniumiza macho.

Mtu mwenye akili angefunga kanga aende siku ile ile. Mimi nilikaa miezi minane. Nilikuwa na makala ya kumaliza, nilikuwa na diwani wa kumjibu, mvua ilikuwa inanyesha, barabara ilikuwa mbaya. Nilikuwa natafuta maneno. Mimi, mwenye maneno kuliko wote, sikupata namna ya kusema nilikosa bila kuongeza "lakini". Kila nilipoiandaa ile sentensi kichwani, "lakini" ilikuwa imekwisha tangulia, inanisubiri mlangoni.

Nilikwenda mwishowe. Alikuwa kitandani, haoni kabisa.

"Nani?"

"Mimi, Baba."

"Umekuja na mtoto?"

"Peke yangu. Nimekuja na kitabu. Kizima."

Akasema, "Kisome."

Nikasoma kurasa zote nane, Kiarabu kitupu, sikufasiri. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nami, na mahali pawili ilinitangulia. Nilipomaliza nikasema, "Baba, nilikukosea." Nililisema hivyo hivyo, bila lakini. Nikasubiri. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, na wewe unajua ni lipi, maana unalisubiri wewe sasa hivi.

Akasema, "Umesoma vizuri." Kisha: "Nipe maji nitawadhe."

Nikampa maji, nikamsaidia kutawadha, nikamwosha miguu. Akaswali ameketi. Nikaaga. Mwezi haukuisha akafariki, na mimi nilikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano, nazungumza juu ya elimu.

Msibani kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Shangazi yako alisema, "Alikuridhia, wifi. Mtu akusifu kusoma, akupe miguu umwoshe, ni nini hicho kama si radhi?" Mwingine akasema, "Angekuwa na kinyongo asingekukaribisha." Mwingine akasema wazee wa zamani hawasemi, wanaonyesha. Yote yanawezekana. Ukiyapanga vizuri yanaleta maana, tena maana nzuri.

Lakini mimi, niliyejifunza lugha mbili kwa kubahatisha, hili nimekataa kulibahatisha. Nimelitazama kila upande miaka hii yote. Linaweza kuwa radhi. Linaweza kuwa ni mzee aliyetaka kutawadha. Kitabuni ukikosa maana ya neno unaendelea mbele, litakuja tena ukurasa wa mia mbili. Mtu ana ukurasa mmoja, na akiufunga haufunuliwi. Mimi nitakufa bila kujua kama baba yangu aliniridhia, na hakuna lugha nitakayojifunza itakayonisaidia.

Nimekuwa mkali kwako Mwanahawa, na si tangu Ijumaa tu. Nilikufundisha kumnasa mtu kwenye kosa. Ukiwa na miaka saba nilikuwa nakupa peremende ukimgundua msomaji habari wa redio amekosea. Wageni walikuwa wakishangaa, mimi nachekelea. Halafu siku uliyoninasa mimi, tena kwa haki, nikaingia chumbani kama malkia aliyevuliwa taji, na nikakuadhibu kwa silaha ile ile ninayoililia mpaka leo: kunyamaza. Tofauti ni kwamba Baba alikuwa na haki ya kunyamaza. Mimi sikuwa nayo.

Huko uendako utakuwa sahihi mara nyingi, najua. Utakuwa umesoma zaidi ya watu waliokuzunguka, na utawaona wakisema visivyomo. Sikuambii unyamaze, sijazaa bubu. Lakini jiulize unataka nini kabla hujafungua kitabu mbele za watu. Mimi nilijua ninachotaka, ndiyo maana sikujiuliza. Na ukimwona mtu anasema jambo ambalo huoni limeandikwa wapi, usikimbilie kudhani ametunga. Pengine wewe ndiye uliyeletewa kitabu chenye shimo.

Na watu wa Uturuki watakusemesha. Wauza mboga, wenye nyumba, vikongwe kwenye basi. Utakuwa na kitabu mkononi, utatamani wanyamaze. Weka kitabu chini. Mimi sikukiweka, na Bibi aliondoka na lugha yake.

Sasa soma hapa polepole, maana hapa nimeandika kwa maneno mepesi kwa makusudi.

Mimi mama yako nimekuridhia. Nimekuridhia kwa mimba niliyokubeba na kwa maziwa uliyonyonya. Nimekuridhia kwenda, na nimekuridhia kutorudi kwa miaka minne, ingawa hilo silipendi na sitajifanya nalipenda. Nimekuridhia ya Ijumaa. Yaliniuma, bado yananiuma, na nimekuridhia huku yakiniuma. Radhi yangu haina sharti, haina "lakini" popote, nimeirudia kuisoma nione kama imejipenyeza. Na mimi nakuomba unisamehe kwa siku tatu hizi. Hilo nalo ni neno kamili, halihitaji tafsiri.

Wengine huwatilia watoto barua sandukuni waisome wakiwa angani, mahali wasipoweza kujibu. Ni uoga huo, na mimi nimekuwa mwoga vya kutosha. Naisukuma hii chini ya mlango wako sasa hivi, kabla sijaijazia maneno mengine. Ukikuta mahali hukunielewa, usipapite kama nilivyokufundisha. Njoo uniulize.

Mama yako